Askari wa Fundi

Kwa Fundi, kila nguo duniani ilikamilika Alhamisi. Ukimpelekea kitambaa Ijumaa, atakupima, atakitazama kitambaa kwa huruma, kisha atasema, "Njoo Alhamisi." Ukimpelekea Jumatano jioni, jibu ni lile lile. Ukifika hiyo Alhamisi utamkuta ameinamia cherehani anashona nguo ya mtu mwingine, naye bila kuinua kichwa atakuuliza kama mlikubaliana Alhamisi hii au ile nyingine. Mji mzima wa Ngara uliujua mchezo huo, na mji mzima uliendelea kwenda kwake, maana nguo ikishatoka mikononi mwake ilikukaa kana kwamba ulizaliwa nayo.

Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nilifanya kazi maabara ya hospitali na nilipanga chumba upande wa pili wa nyumba yao. Mimi ni Mhangaza wa Kasulo, Mkatoliki, mtoto wa wakulima wa migomba na maharage. Yeye alikuwa Mwislamu wa mjini, wa zile familia za biashara zilizotoka pwani zamani, ambazo zikizungumza Kiswahili sisi wengine tunajisikia tumevaa viatu vya kuazima. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita daktari, kwa sababu nilivaa koti jeupe, na alilitamka neno hilo kwa namna ya kunikumbusha kwamba hata hilo koti alilishona yeye.

Kiswahili chetu kilimpa kazi kuliko vitambaa vyetu. Alituwinda kwenye r na l. Siku moja niliingia barazani kwake nina haraka.

"Shikamoo Fundi. Nimereta kitambaa cha gauni."

"Marahaba. Umekireta au umekileta?"

"Nimekileta."

"Basi nipe hicho ulichokileta. Kile ulichokireta kiache nje."

Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nilinuna. Kumbe kila mmoja wao alikuwa ameshapitia hapo hapo, na aliyecheka sana kuliko wote, mama mmoja muuza dagaa, ndiye aliyekuwa amerudishwa mlangoni mara mbili asubuhi ile ile, aingie upya na neno lililonyooka. Fundi aliamini kwamba tungekuwa makini na maneno kama yeye alivyokuwa makini na mshono, ugomvi mwingi wa dunia usingekuwapo. Mimi niliamini kwamba angekuwa makini na siku kama alivyokuwa makini na maneno, ningekuwa nimevaa gauni langu la Pasaka wakati wa Pasaka.

Hilo gauni nililikalia baadaye. Sebuleni kwao kulikuwa na makochi, na mito ya makochi hayo ilishonwa kwa vipande vya nguo za mji mzima. Ukikaribishwa chai ungeona kitenge cha mke wa mwalimu mkuu kimeungana na sare ya kwaya yetu, na pembeni yao ua la gauni lako, ambalo uliambiwa kitambaa chake kilitosha kwa shida mno. Yeye aliviita masalia. Sisi tuliviita wizi, lakini tuliviita hivyo tukiwa tumevikalia, tunakunywa chai ya tangawizi aliyotupikia mkewe.

Wakimbizi walipoingia na vilima vya Kasulo vikafunikwa kwa mahema ya plastiki, Fundi alikuwa mtu wa kwanza kulalamika na wa mwisho kunyamaza. Kuni zimepanda. Ndizi hazikamatiki. Malori ya chakula yanapita na vumbi lake linaganda kwenye shati jeupe la bwana harusi. Ungemsikiliza ungedhani ni mtu asiye na moyo. Lakini mama yeyote wa kambini aliyepita na gunia tupu la unga aliitwa barazani, akaambiwa akae, na gunia likageuka kaptula ya mtoto kabla chai haijapoa. Nilimuuliza kwa nini anashona bure wakati mimi nangoja sketi yangu tangu Kwaresima.

"Sishoni," akasema. "Najaribu sindano mpya."

Alijaribu sindano hiyo miaka miwili, na watoto wengi walipita njia ya Kasulo na maandishi ya unga makalioni.

Sasa niseme habari ya koti. Fundi alivaa koti zito jeusi, jua liwe kali vipi, na shingoni akazungusha skafu ya sufu aliyoitoa kwenye mitumba. Ngara ni juu, asubuhi kuna ubaridi, sikatai, lakini hakuna ubaridi wa namna hiyo saa saba mchana. Alikuwa na ugonjwa, na jina la ugonjwa ndilo lililompotosha. Kwa Kiswahili tunauita baridi yabisi, naye, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa lugha yake, hakukubali kwamba jina linaweza kudanganya. Kama ni baridi, dawa yake ni joto. Alikunywa tangawizi hadi jasho likamtoka puani. Alipasha viganja juu ya pasi ya mkaa. Aliulaumu upepo wa upande wa mtoni, akailaumu milima, na siku akiwa amechoka aliwalaumu wazee wake kwa kuuhama mji wenye joto.

Asubuhi nilimsikia kupitia ukutani. Kwanza maji yakimiminwa kwenye karai, kisha kimya kirefu, mikono ikiloweshwa hadi vidole vikubali kujikunja. Cherehani ilianza kulia jua likiwa limeshapanda. Vifundo vya vidole vyake vilivimba, vya mkono wa kulia na vya kushoto kwa pamoja, na viganja vya mikono vilikuwa na moto ukivigusa. Mchana alitania na kusahihisha watu, na usingejua kitu. Mimi niliyesikia yale maji nilimwonea huruma, nikaificha, maana huruma alikuwa haipokei.

Kitu kimoja alikiogopa na alikisema waziwazi: kuondolewa kwenye kile kiti cha cherehani. Hakuogopa kufa kwa namna hiyo. "Atakayeninyanyua hapa awe Izraili," alisema, "tena aje Alhamisi."

Mwaka ambao kambi ilijaa kupita kiasi, shirika moja la misaada lilimpa kazi ya kushona sare za walinzi wake. Mashati ya kaki yenye mifuko miwili, suruali, na vyeo vya kuweka mabegani ili mlinzi mkubwa ajulikane na mdogo ajulikane. Hakuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Alikata vyeo kwanza, kwa sababu ndivyo vilivyompendeza, akatembea navyo mfukoni akiwaonyesha watu. Kisha mikono ikagoma. Nilimwona mwenyewe mkasi ukimteleza na kuanguka, akauokota, ukaanguka tena, akausukuma kwa mguu chini ya meza kana kwamba ndiko alikotaka uwe. Nilimwambia aje hospitali. Alikataa. Mkewe, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alichukua skafu, akamfunga shingoni, akamwambia, "Twende," naye akaenda.

Siku hizo hospitalini kwetu alikuwa akija daktari mgeni, mwanamke aliyeletwa na wakimbizi kama vilivyoletwa vitu vingi. Kambini alitibu kuhara na malaria kutwa kucha, ila kwao alikuwa mtaalamu wa viungo, na alipoiona mikono ya Fundi alifurahi hadi akaona aibu. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Fundi alikipenda mara moja.

Daktari alimbonyeza kifundo kimoja kimoja, nami nimesimama kando.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

Mdomo ulisema hapana, lakini nyusi zilipanda kila alipobonyezwa, na daktari alisoma nyusi. Mwisho akaketi.

"Mzee, hii si baridi," akasema. "Unajua mwili una askari, chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kupiga adui. Askari wako ni wengi na wamekosea. Wanaipiga nyumba yao wenyewe, humu kwenye viungo."

"Nani kawapa amri?"

"Hatujui."

Fundi alinigeukia. Nadhani hakuwahi kumsikia daktari akisema hajui, na tangu hapo alimheshimu kuliko sheikh. Akauliza askari hao wanaonekanaje. Daktari akamwambia kwamba chembe hizo kwa nje zina alama, ndogo mno, hata kwa darubini yetu hazionekani. Kwao kuna mashine ya kuzisoma. Alama zinaeleza huyu ni wa kundi gani, huyu amelala, huyu ameamka, kwa sababu askari akiamshwa hutoa alama ambayo mwanzoni hakuwa nayo. Walioamka wakiwa wengi, ugonjwa uko moto.

Fundi aliingiza mkono mfukoni kwa shida, akatoa cheo kimoja cha begani, akakiweka mezani.

"Kama hiki?"

Daktari alikitazama, akacheka. "Kama hicho hasa."

"Basi mwilini mwangu kuna fundi mwingine," akasema, "tena yeye kazi yake anaimaliza kwa wakati."

Mashine ya kusoma alama sisi hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni mrija mwembamba wa kioo, na mimi. Unachukua damu, unaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, unaivuta ndani ya mrija, unausimamisha wima kwa muda wa saa moja, kisha unatazama chembe nyekundu zimeshuka kiasi gani. Zikishuka upesi, mwilini kuna moto. Mrija haukwambii askari gani wameamka. Unakwambia tu kwamba kuna vurugu. Daktari alisema kwa hapa unatosha.

Fundi aliigeuza saa hiyo moja kuwa kitu chake. Alikaa mbele ya mrija, mikono mapajani, akautazama. Matokeo yakitoka, aliuliza, "Nimepata ngapi?" Nilimtajia, naye akaenda zake kifua mbele. Ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba barazani anajisifu. Alikuwa akiwaambia watu kwamba kwenye mtihani wa damu amewapita hata wanajeshi. Nilimfuata nikamweleza kwamba namba kubwa ni mbaya.

"Kubwa ni mbaya?"

"Mbaya. Tunataka ishuke."

"Mtihani gani huu," akasema, "ambao wa mwisho darasani ndiye anayepewa zawadi?" Akanuna siku mbili, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

Dawa alizopewa ni aspirini na klorokwini. Hapo napo pakawa na neno. Klorokwini kila mtu aliijua kuwa ni ya malaria, na mtu anayepewa dawa ya malaria kwa ajili ya vidole ilibidi achekwe. Wakasema Fundi ana malaria ya mikono. Dawa ilimwasha ngozi, akawa anajikuna kwa rula ya kupimia, akalalamika kwamba sasa anafanya kazi mbili. Daktari alimwonya kwamba itachukua miezi kabla haijasaidia. Fundi alisema kusubiri miezi si tatizo, na ni kweli, sisi wateja wake tulikuwa mashahidi.

Kisichokuwa cha kuchekesha ni kilichofuata, ingawa leo nakicheka.

Fundi alikoma kuvaa skafu. Jina la ugonjwa lilikuwa limemdanganya, akalitupa, akapata jipya. Kila aliyekaa kwenye benchi alielezwa habari za askari na vyeo. "Wenzangu hawana wa kutosha," alisema akiwa na pini midomoni, "mimi askari wangu wamezidi. Ninao wa kugawa." Mama muuza dagaa alikuwa hapo anangoja gauni. Alisikiliza kwa makini, akaondoka ameinamisha kichwa.

Kuna jambo la kukumbuka. Miaka ile neno askari wa mwili lilikuwa na ugonjwa wake. Waelimishaji wa afya walipita sokoni na kambini na vipaza sauti wakieleza ule ugonjwa ambao watu hawakuutaja kwa jina bila kushusha sauti, na walieleza hivyo hivyo: mwili una askari, askari wanapungua, mwisho wanazidiwa. Mama wa watu alisikia askari, akasikia kuzidi, silabi moja akaijaza mwenyewe. Jioni ile sokoni akamwambia mwenzake, "Pore ya Fundi wetu. Asikari wake wamezidiwa. Amesema mwenyewe, nimesikia na haya masikio."

Silabi moja tu, wa, ikatembea mjini kuliko lori la unga. Watu walianza kuja kwa mke wa Fundi na pole. Mmoja alileta mkungu wa ndizi, mwingine maharage, na mama wa dagaa, ambaye moyo wake ulikuwa safi kabisa, alileta dagaa kila alipopita. Mkewe alipokea na kushukuru, akidhani ni ukarimu wa majirani. Ndizi ziliongezeka na vitambaa vikapungua. Benchi likabaki tupu. Niliwasikia watu wakisema wanaogopa pini, zile alizozoea kuzibana midomoni. Bwana wa shirika alipeleka ujumbe kwamba kazi ya sare isimame kwanza. Na mama yangu kule Kasulo alituma mtu kuniuliza kama Fundi atazikwa haraka kwa desturi yao au ndugu watasubiriwa.

Nilikasirika. Niliwakasirikia watu, nikaukasirikia hata ule ugonjwa mwingine, kwamba ulikuwa umetufanya wote kuwa wepesi wa kuzika. Nilikwenda barazani. Fundi alikuwa kwenye kiti chake, mikono imelala juu ya meza ya cherehani, hana cha kushona. Nikamwambia yote, kwa sababu niliona hakuna mwingine atakayemwambia.

Aliinua macho kutoka mezani.

"Walisema wamezidiwa?"

"Ndiyo, Fundi."

"Mimi nilisema wamezidi."

"Najua."

"Nani kaongeza hiyo wa?"

Nilimtazama nikaona machozi, na sijui hadi leo kama yalikuwa ya uhai wake au ya kitenzi. Nadhani kwake vilikuwa kitu kimoja. Alisema, taratibu, kwamba Izraili angekuja angemwelewa, lakini kunyanyuliwa kwenye kiti na kosa la sarufi hatakubali.

Kesho yake alilitandaza lile koti jeusi juu ya meza, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika mgongoni kwa herufi kubwa: ASKARI WAMEZIDI. Chini yake akaandika: HAWAKUZIDIWA. Akalivaa, akaenda sokoni, akatembea polepole katikati ya mafungu ya nyanya ili kila mtu asome na ajifunze. Alipochoka alikaa kwenye kiti cha kinyozi na kuegemea. Aliponyanyuka, mstari wa chini ulikuwa umebaki kwenye kiti. Mgongoni ulibaki wa juu peke yake.

Wilaya ilikuwa ya mpakani, wakati wenyewe ulikuwa ule, polisi na wanajeshi wamejaa kila njia panda. Mzee anayekatiza soko na maandishi kwamba askari wamezidi hakufika mbali. Polisi wawili walimwomba kwa adabu awafuate kituoni.

Mimi na daktari mgeni tulikuja kuitwa. Tulimkuta ameketi mbele ya mkuu wa kituo, Msukuma mmoja mnene, mpole, aliyekuwa ameshakata tamaa.

"Mzee, nakuuliza tena. Hawa askari waliozidi ni akina nani?"

"Wangu, afande."

"Wewe una askari?"

"Kila mtu anao. Hata wewe."

"Mimi ninao, ndiyo, wale pale nje. Wako wako wapi?"

Fundi alinyoosha mikono yake juu ya meza. "Humu."

Daktari alieleza tangu mwanzo, kwa kile Kiswahili chake cha pasi: chembe nyeupe, viungo, alama za nje zinazotofautisha aliyelala na aliyeamka. Mkuu wa kituo aliegemea mbele. Naona ilikuwa mara ya kwanza kwake kusikia habari za kitabibu zinazoihusu kazi yake.

"Wanaipiga nyumba yao wenyewe?"

"Ndiyo."

"Na hizo alama ni kama vyeo?"

"Vyeo kabisa," Fundi akadakia. "Tena wakiamka wanajivalisha wenyewe, bila kibali."

Mkuu wa kituo alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Hao wabaya sana, mzee. Wangu akijipandisha cheo mwenyewe namweka ndani." Kisha akauliza kama dawa ipo, akaambiwa ipo, ila inachukua miezi. Akauliza kama ugonjwa unaambukiza, daktari akasema hapana, haupiti kwa pini, haupiti kwa kitambaa, haupiti kwa kitu chochote. Alinyanyuka, akasimama mlangoni ambako nusu ya soko ilikuwa inangoja, akatangaza kwa sauti ya kituo kwamba mzee ana askari wengi, siyo wachache, kwamba ni wakorofi lakini ni wa kwake peke yake, na kwamba atakayemwogopa Fundi amwogope kwa kuchelewesha nguo.

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Kicheko hicho kilifika Kasulo kabla ya usiku, kikapita palepale silabi ilipopita. Vitambaa vilirudi. Mama muuza dagaa alikuja kuomba radhi, naye Fundi alimpokea kwa heshima, akamketisha, akamfundisha: zidi, zidiwa. Alimrudisha mlangoni mara moja tu. Kwa miaka iliyobaki watoto wa mtaa walimwita Afande, na alipokuwa amefurahi aliwapigia saluti kwa ile mikono.

Miezi ilivyopita mrija wangu ulianza kuonyesha habari njema. Damu ilishuka taratibu. Asubuhi nilisikia maji ya karai yakimiminwa, na kabla sijamaliza kuvaa, cherehani ikaanza kulia. Nilisimama ukutani nikaisikiliza kwa furaha. Sare za walinzi zilikamilika, siku ya Alhamisi, ingawa si ile aliyoahidi.

Kisha wakati ukageuka. Wakimbizi wengi walirudi kwao, mahema yakang'olewa, mashirika yakapakia magari yao na daktari akaondoka nayo. Dawa ikawa ya kubahatisha. Ikipatikana mwezi huu, mwezi ujao haipo. Yale maji ya asubuhi yakaanza kuchukua muda mrefu tena. Mwaka mmoja nilikwenda masomoni, niliporudi baraza lilikuwa na kufuli. Niliambiwa wamehamia Runazi, Biharamulo, kwa binti yao mwenye duka. Hakuniaga, nami nilijua kwa nini, asingetaka nimwone akinyanyuliwa kwenye kile kiti, lakini iliniuma.

Nilimwona tena baada ya miaka kadhaa, nilipokwenda Nyarubungo kwenye harusi ya binamu yangu. Nilishuka Runazi siku ya Ijumaa, mchana, nikauliza, nikaonyeshwa duka dogo kati ya mashamba ya mahindi. Binti yake alikuwa akipimia watu sukari. Pembeni ilisimama cherehani, juu yake yamepangwa makasha ya sabuni.

Alikuwa chumba cha nyuma, amekaa kitandani, tayari kwa msikitini: suruali iliyonyooka, kofia safi, shati jeupe liko wazi kifuani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Daktari wa mrija." Alinitazama juu hadi chini. "Nani alikushonea hilo gauni? Bega moja limelala."

Tulicheka. Nikaketi karibu yake, akaniuliza habari za mji, nikamweleza. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nikampa pole, akaitikia. Kisha nikaiona mikono. Vidole vilikuwa vimelala upande mmoja, vyote kuelekea nje, na gumba limekunjika. Uvimbe haukuwepo.

"Inauma?" nikauliza.

"Haiumi hata kidogo. Askari wameondoka." Aliigeuza mikono taratibu. "Ni kama kule kwenu Kasulo. Kambi imekwisha, lakini umeona mti uliobaki?"

Nilijua kwamba alichosema ni kweli. Ugonjwa ule huweza kuchoka na kutulia, na viungo vikabaki kama ulivyoviacha. Ningechukua damu yake siku ile, mrija ungenipa namba ndogo, namba ya kumpongeza mtu. Nilitamani kulia, nikajishughulisha na mkoba wangu.

Adhana ikaanza. Aliangalia mlangoni, binti yake alikuwa na wateja, sauti zao zikipandana juu ya bei ya mchele. Alingoja. Nilimwona akiiangalia ile foleni, akikiangalia kifua chake, akiiangalia tena foleni. Alizivuta pande mbili za shati kwa viganja akazikutanisha, zikaachana. Halafu akasimama mbele yangu, wima, mikono pembeni, kama mteja.

"Nifunge, mwanangu," akasema.

Hakutania. Nilianza na kifungo cha juu, karibu na shingo, nikateremka. Shati alilishona mwenyewe, niliujua ule mkono. Matundu yalikuwa madogo, imara, yamezungushiwa uzi kwa uangalifu wa mtu ambaye hakuwahi kufikiri kwamba yatamshinda. Macho yangu hayakuwa yanaona vizuri. Nilifika chini, nikanyoosha ncha za shati, upande mmoja ukawa umezidi.

Alishusha macho akatazama.

"Umeruka kimoja," akasema. "Fungua, uanze tena."

Nikavifungua vyote, nikaanza tena kutoka juu, polepole, naye akanisubiri.